Tunduma na Nakonde: Zambia inatuzidi wapi hasa?

Ukisimama Tunduma karibu na kituo cha pamoja cha forodha, huoni Tanzania inapoishia. Hakuna mto wala mlima. Kuna malori yanayosubiri kuvuka, maduka, na ng'ambo kuna Nakonde yenye maduka ya namna hiyohiyo. Wanamwanga wako pande zote mbili. Kiswahili kinatosha kununua kitu Nakonde, na mwenye duka wa Tunduma hashangai akipewa kwacha. Lakini katika ripoti ya maendeleo ya binadamu ya 2021/2022, inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, hatua hizo chache zinamtoa mtu kwenye nchi ya 160 duniani na kumwingiza kwenye nchi ya 154. Katika kipimo cha ripoti hiyo, kinachokwenda kutoka 0 hadi 1, Tanzania ilipata 0.549, Zambia 0.565.

Ubishi unaanzia hapo. Anayeitetea Zambia anataja shaba, shule na Kiingereza. Anayeitetea Tanzania anasema watu wetu wanaishi muda mrefu zaidi na umaskini wa kutupwa si mkubwa kama wa kwao. Wote wawili wana namba za kweli mkononi. Hawafiki popote kwa sababu wanabishania jumla bila kuifungua.

Tuifungue. Kipimo hiki kilianza 1990 kwa kazi ya mchumi wa Pakistani Mahbub ul Haq, akisaidiana na Amartya Sen, na kinatumia namba nne tu. Kwa mwaka 2021 namba za Tanzania zilikuwa hizi: umri wa kuishi unaotarajiwa mtu anapozaliwa, miaka 66.2, miaka ambayo mtoto anayeanza shule sasa anatarajiwa kusoma, 9.2, miaka ambayo watu wazima wa miaka 25 na zaidi wamesoma kwa wastani, 6.4, na pato la taifa kwa kila mtu, dola 2,664. Kwa Zambia, kwa mpangilio uleule: 61.2, 10.9, 7.2 na dola 3,218. Dola hizo si zile za kubadilishia pesa mpakani. Zimerekebishwa kwa bei za ndani ya kila nchi, ili dola moja inunue kitu kilekile Mbozi na Kasama. Anayechukua pato kwa kwacha akaligawa kwa bei ya leo ya mbadilisha fedha wa Tunduma ameshaharibu hesabu kabla hajaianza.

Kikokotoo cha simu kinatosha kufanya yaliyobaki.

Umri: toa 20, gawanya kwa 65, kwa kuwa kipimo kinakwenda kutoka miaka 20 hadi 85. Tanzania inapata 0.711, Zambia 0.634. Elimu: gawanya miaka tarajiwa kwa 18, gawanya miaka ya watu wazima kwa 15, kisha chukua wastani wa majibu hayo mawili. Tanzania 0.469, Zambia 0.543. Pato: gawanya kwa 100, chukua logi asilia (kitufe cha ln), gawanya kwa logi asilia ya 750. Tanzania 0.496, Zambia 0.524. Logi imewekwa kwa sababu dola mia za nyongeza kwa mkulima wa Ileje zina uzito ambao hazina kwa tajiri. Mwisho zidisha majibu matatu ya kila nchi, kisha tafuta kipeuo cha tatu. Utapata 0.549 na 0.565, zilezile za ripoti.

Wengi hukosea hatua hiyo ya mwisho kwa kujumlisha na kugawanya kwa tatu, kama ilivyokuwa ikifanywa kabla ya 2010. Ukifanya hivyo Tanzania inapata 0.559 na Zambia 0.567, na pengo linabaki nusu ya lile la ripoti. Kuzidisha kunaadhibu nchi iliyo juu upande mmoja na chini upande mwingine, na sisi ndivyo tulivyo: 0.711 kwenye umri, 0.469 kwenye elimu. Ni sawa kabisa iwe hivyo. Miaka mingi ya kuishi haimfidii mtu miaka ya shule aliyoikosa.

Sasa swali lenye faida: pengo hilo limetokana na nini? Njia rahisi ni kuibadilisha Tanzania sehemu moja moja. Ipe Tanzania pato la Zambia na uache mengine yote: inafika 0.559, bado iko nyuma. Rudisha pato lake, uipe elimu ya Zambia: inapanda hadi 0.576 na kuipita Zambia waziwazi. Tena huhitaji elimu yote. Badilisha namba moja tu, miaka tarajiwa ya masomo, kutoka 9.2 kuwa 10.9, watu wazima ubaki nao na 6.4 yao. Jibu ni 0.567. Mwaka mmoja na miezi minane hivi ya ziada darasani kwa kila mtoto inatosha kufuta pengo lote, bila kuongeza hata dola moja ya pato. Ubishi wote wa shaba na kwacha ungehamia hapa.

Pengo hilo halikuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1974, katika mkutano wa TANU uliofanyika Musoma, Tanzania iliamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Ilikuwa kazi kubwa, na ilifanyika vijijini ambako Zambia haikufika kwa kasi ile. Lakini uamuzi huo ulihusu shule ya msingi. Sekondari ilibanwa kwa makusudi: serikali ilihesabu nafasi za kazi zitakazohitaji watu wa kidato cha nne, ikapanga nafasi za shule kulingana nazo. Mtoto wa darasa la saba ambaye hakuchaguliwa alionekana amemaliza, si kwamba amekatishwa. Neno "kumaliza shule" lingali na maana hiyo kwa wazee wengi wa Nyanda za Juu. Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wapatao mia moja tu, ikaelekeza fedha za shaba kwenye sekondari na chuo kikuu. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970 uchumi ulitikisika vibaya, ila majengo na walimu walikuwa wameshapatikana, na muundo wao wa madaraja kumi na mawili ulimfanya mzazi aone darasa la saba ni katikati ya njia.

Shule za kata zilianza kuenea kwetu kwa mpango wa sekondari wa 2004. Piga hesabu: aliyezaliwa 1990 alikuwa na miaka 14 wakati huo. Namba ya watu wazima ya 2021 inahesabu waliozaliwa 1996 kurudi nyuma. Kwa hiyo kati ya wote waliohesabiwa, ni wale wa miaka 25 hadi 31 tu waliokuta shule ya kata ikianza kujengwa karibu nao. Wengine wote wanabeba uamuzi wa miaka ya sabini. Ndiyo maana namba hiyo haitaruka hata tukijenga sana mwaka huu, na atakayeitumia kumpima kiongozi wa sasa atakuwa anampima asiyehusika.

Tofauti nyingine ni ndogo kwenye karatasi lakini kubwa kwa aliyeguswa. Zambia ilianza kumruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni 1997. Tanzania ilimruhusu rasmi Novemba 2021. Hiyo ni miaka 24, na kila mwaka ulikuwa na wasichana wake.

Hapa inabidi tuingize tahadhari, maana namba za elimu zina mtego. Vuka mpaka mwingine, Kasumulu, uingie Malawi. Katika ripoti ileile Malawi ina miaka tarajiwa 12.7, kuliko Tanzania na Zambia zote mbili, huku watu wazima wake wakiwa na 4.5 tu. Namba ya miaka tarajiwa inahesabu walioandikishwa, haiulizi wamejifunza nini wala wamerudia darasa mara ngapi. Malawi ina wanafunzi wengi wanaorudia madarasa, na anayekaa darasa moja miaka miwili anaonekana kwenye kipimo kama amesoma miaka miwili. Tukiamua kuifukuzia Zambia kwa kurudisha watoto nyuma darasani, tutapanda kwenye jedwali na watoto hawatajua zaidi.

Mtego wa pili ni kuchanganya ripoti. Katika ripoti ya 2023/2024 Tanzania imeandikwa 0.532. Ukiiweka kando ya 0.549 ya ripoti iliyotangulia, utasema nchi imeporomoka. Fungua ndani: wastani wa masomo wa watu wazima umeshuka kutoka 6.4 hadi 5.6 katika mwaka mmoja. Hilo haliwezekani. Mtu wa Makambako aliyesoma miaka saba hawezi kulala akaamka amesoma sita. Kilichobadilika ni takwimu zilizotumika kukadiria. Basi kanuni ni moja: linganisha nchi mbili ndani ya ripoti moja, na ukitaka mwendo wa miaka mingi, tumia jedwali la mwenendo lililo ndani ya ripoti hiyohiyo, kwa sababu huko miaka ya nyuma imekokotolewa upya.

Mtego huo umemgusa hata mtetezi wa Tanzania. Ile miaka mitano tunayowazidi Wazambia kuishi ilitegemea makadirio ya idadi ya watu ya Umoja wa Mataifa. Makadirio yaliporekebishwa 2024, Zambia ilipanda sana, na katika ripoti ya 2025, yenye takwimu za 2023, tunasoma 67.0 kwetu na 66.3 kwao. Jumla imekuwa 0.555 na 0.595. Majigambo ya umri yamebakiwa na miezi minane hivi. Pengo la elimu lipo katika ripoti zote, na ndilo lenye mizizi.

Vifo vya watoto vinahitaji uangalifu huohuo. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta watoto 43 kati ya 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa Zambia wa 2018 ulikuta 61. Inaonekana tunawaacha kwa watoto 18. Lakini utafiti wetu wa 2015/16 ulikuwa na 67. Ukichora mstari kutoka 67 hadi 43, katikati ya 2018 unaupata kwenye 56 au 57 hivi. Tofauti ya kweli kwa mwaka uleule ni kama watoto wanne au watano. Bado ni watoto, na bado ni ushindi, ila si ule wa kwenye vichwa vya habari.

Kuhusu umaskini, kosa ni la wazi na linarudiwa mno. Tanzania ilisema 26.4% mwaka 2017/18, Zambia 60% mwaka 2022. Kila nchi imejiwekea mstari wake, na mistari hiyo haina urefu mmoja. Ukitumia mstari mmoja wa Benki ya Dunia wa dola 2.15 kwa siku, uliotumika hadi 2025, Tanzania ya 2018 ilikuwa na karibu 45% na Zambia ya 2022 karibu 64%. Tuko nafuu, lakini si kwa zaidi ya mara mbili kama inavyosemwa.

Nafuu hiyo inatokana na mgawanyo. Pato la Zambia ni kubwa kwa wastani, ila limejaa ukanda wa shaba na Lusaka. Lile la Tanzania ni dogo na limetawanyika zaidi. Umoja wa Mataifa una kipimo cha pili kinachokata alama kwa kadiri watu walivyoachana katika umri, elimu na kipato. Katika ripoti ya 2021/2022 Zambia ilikatwa 31% ikashuka hadi 0.390. Tanzania ilikatwa karibu 24% ikabaki na 0.418. Nafasi zimebadilishana! Muhimu kwa anayeishi Nakonde ni hili: mji huo uko mkoa wa Muchinga, mbali na migodi. Wastani wa taifa lake umebebwa na mahali asipoishi.

Nasi tuna la kwetu la namna hiyo, na ndilo linalouma zaidi, maana liko Nyanda za Juu Kusini, ghala la chakula la nchi. Mahindi ya Mbozi, viazi na parachichi za Njombe, mpunga wa Usangu na Kyela: malori yanashuka nayo Dar es Salaam mwaka mzima. Utafiti wa 2022 ulipopima urefu wa watoto wa chini ya miaka mitano, udumavu kitaifa ulikuwa 30%. Iringa ilikuwa 57%, Njombe 50%, Rukwa 50%. Zambia nzima mwaka 2018 ilikuwa na 35%.

Tuone kinachopimwa. Mvulana anayekaribia kutimiza miaka miwili hulazwa kwenye ubao, kichwa kikigusa mbao ya juu, magoti yakanyooshwa taratibu. Anatarajiwa kuwa na sentimita 88 hivi. Akiwa chini ya takriban 82, anahesabiwa mdumavu. Hajakonda wala hafanani na mgonjwa, na ndiyo maana nyumbani hakuna anayeshtuka. Watu husema tu amerithi ufupi wa babu yake. Sentimita sita hizo hazikupotea kwa kukosa ugali. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto amebaki na dada yake wa miaka minane na chupa ya uji wa sembe. Mahindi yamekobolewa, kiini na ganda vimekwenda na pumba kwenye nguruwe. Uji ni mwepesi ili unyweke, na mtoto wa miezi minane anamudu nusu kikombe kwa mlo. Nusu kikombe cha uji wa namna hiyo sehemu kubwa ni maji. Anahitaji milo miwili hadi mitatu mizito, iliyotiwa maharage yaliyopondwa, dagaa, yai au kijiko cha mafuta, na kuanzia miezi tisa milo mitatu hadi minne. Mayai yapo bandani, ila yanapelekwa barabarani kwa wasafiri. Mwenye shamba kubwa la viazi anaweza kuwa na mtoto mdumavu kuliko mama wa Tunduma anayenunua kila kitu kwa kipimo cha kopo, kwa kuwa huyo wa mjini yuko karibu na mwanawe saa sita mchana.

Virusi vya UKIMWI vinasimulia jambo hilohilo. Kipimo cha kitaifa cha 2022/23 kwa watu wazima kilikuwa 4.4%. Njombe 12.7%, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%. Zambia mwaka 2021 ilikuwa 11%. Kwa namba hii peke yake, mtu wa Njombe anafanana na Mzambia kuliko anavyofanana na Mtanzania wa wastani. Barabara kuu ya kwenda Zambia, vibarua wa mashamba ya chai na mbao wanaoishi mbali na nyumbani, na tohara ya wanaume iliyochelewa kuenea ni sehemu ya sababu.

Kwa hiyo aliyeko Mbeya au Songwe akitaka kulinganisha nchi hizi kwa manufaa yake, asianze na nafasi ya 160 na 154. Aanze na namba nne, aone ipi inabeba pengo, kisha ashuke hadi mkoani. Kipimo cha taifa hakina urefu wa mtoto wala maambukizi ndani yake, na mikoa yetu imebeba yote mawili.

Kwa namba inayobeba pengo, daftari la mahudhurio linatosha. Chukua kata moja. Orodhesha majina yote ya walioandikishwa darasa la kwanza mwaka fulani, si idadi, majina. Mfuate kila mmoja: nani alifanya mtihani wa darasa la saba, nani alichaguliwa, nani aliripoti kidato cha kwanza, nani alikuwepo Machi ya kidato cha pili, nani alifanya mtihani wa kidato cha nne. Aliyehamia shule nyingine mwondoe kwenye orodha kwa barua ya uhamisho, usimhesabu mtoro. Ukitumia idadi badala ya majina, anayerudia atajaza nafasi ya aliyeacha na shimo halitaonekana. Kisha andika kando ya kila jina alikopotelea. Tunduma wavulana wengine hupotelea kwenye kubeba mizigo mpakani, ambako fedha ni ya leoleo. Iringa na Njombe wasichana hupelekwa Dar kufanya kazi za ndani, mara nyingi kati ya kutoka kwa majibu na kuripoti kidato cha kwanza, Desemba hiyohiyo. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016. Sare, godoro la hosteli na chakula cha mchana havikuondoka.

Na kuna tarehe moja ya kuwekwa ukutani. Kwa mtaala mpya shule ya msingi inakuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikupuo miwili kwa mara moja. Shule ya kata yenye mikondo mitatu ya wanafunzi 40 huandaa viti 120. Mwaka huo itahitaji karibu 240, vyumba vitatu vya ziada, na walimu wa kuvijaza, na mikondo hiyo itaendelea kupanda hadi kidato cha nne. Kata ambayo haijaanza kufyatua matofali itawaambia nusu ya watoto hao kwamba wamemaliza.